Kunde Juu ya Paa la Mchafukoge

Rukia alinipigia simu asubuhi akasema, "Feli, mama katutoka," na alasiri hiyohiyo wanaume wakaenda kumzika Bi Shamsa. Mimi nilipanda ngazi za ile nyumba ya Mchafukoge kwa magoti haya yaliyokwisha kugoma, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu. Nyumba imebaki vilevile, ila imekuwa fupi, au tuseme majirani zake wamerefuka. Kushoto jengo la vioo, kulia jengo la vioo, na katikati hiyo nyumba ya kuta za njano, kama bibi aliyesimama foleni na wajukuu zake. Wali na maharage vikaletwa, tukala sinia moja watu watano. Nyuma yangu bibi wawili walikuwa wakibishana kwa kunong'ona kama marehemu alitia iliki kwenye chai hadi siku zake za mwisho au daktari alimkataza, na hakuna aliyekubali kushindwa. Nilikuwa nasikiliza huku machozi yananitoka, ndipo mjukuu wa marehemu, binti mwenye miwani, akanisogelea. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Eti ni kweli wewe ndiye uliyekuwa unayapaka maharage rangi ya kucha?" Wenzake wakaficha nyuso kwenye khanga, mabega yanatikisika. Nikamwambia, "Kunde. Si maharage, ni kunde." Kumbe miaka yote hii nasimuliwa humo ndani, na nasimuliwa vibaya! Nimefundisha chuo kikuu mpaka nimestaafu, nimevumilia mengi, mikutano isiyokwisha na chai ya kantini isiyo na ladha, lakini jambo la kweli likisimuliwa vibaya silali. Basi naliandika kama lilivyokuwa.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari, nimepewa likizo ya mwaka mmoja kusomea shahada ya uzamili. Mwaka mmoja tu. Nikimaliza, idara ya mimea ilikuwa na nafasi ya mhadhiri msaidizi na walikuwa wananitazamia mimi. Nisipomaliza, narudi kwenye chaki mikono mitupu, na nafasi inakwenda kwa mwingine. Msimamizi wangu alikuwa Dakta Mhando, mtu mtaratibu, hapandishi sauti hata akikupa habari ya kukuvunja mgongo. Yeye alinipa swali la utafiti na alinipa sharti: "Jaribio lisilojirudia ni hadithi, Felista. Nataka lijirudie." Tatizo ni kwamba banda la mimea la chuo lilikuwa limebomoka upande mmoja kwa mvua na mafundi walikuwa wakija leo, kesho hawaonekani. Nikatafuta mahali penye jua la kutosha na mwenye nyumba asiyeuliza maswali. Jua nililipata. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chenye mlango wa kutokea paani, paa bapa la saruji lenye tangi la maji na kamba za kuanikia. Ama mwenye nyumba asiyeuliza maswali, hapo sikubahatika. Bi Shamsa aliniona napandisha makopo matupu ya mafuta ya kupikia niliyoyanunua Kariakoo, sitini kwa hesabu, akasimama kwenye ngazi na mwiko mkononi. "Mwanangu, unafungua duka?" "Hapana mama, napanda kunde." "Kunde? Sokoni zimekwisha?"

Nilimweleza jikoni kwake, nimekaa kwenye kibao cha mbuzi kwa sababu kiti kilikuwa na beseni la unga. Nikamwambia hivi. Chini ya jani kuna vitundu vidogo mno, macho hayavioni, na jani hupumua kwa vitundu hivyo. Lakini humohumo ndimo maji yanamotokea. Sasa mmea ukishikwa na kiu unatengeneza homoni, na kazi ya homoni hiyo ni kuviambia vitundu: fungeni, maji yanakwisha. Hayo yanajulikana. Nilichokuwa natafuta mimi ni kingine. Mmea una saa ndani yake, unajua asubuhi na unajua jioni hata ukiufungia kabatini. Je, homoni ileile, kwa kiasi kilekile, na kiu ileile, inasikilizwa sawasawa asubuhi na alasiri? Bi Shamsa aliendelea kukanda unga. Kisha akasema, "Hata mume humwombi ruhusa kabla hajanywa chai." Rukia, bintiye, tuliyekuwa rika moja naye, aliyekuwa akiuza vitambaa Kariakoo, alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nilicheka pia, lakini ndani yangu nilikuwa nafikiri juu ya ile nafasi ya chuo, maana kwa wenzangu ilikuwa kunde na kwangu ilikuwa maisha.

Hiyo rangi ya kucha inayochekwa, naomba ieleweke, ni njia halali ya kitaalamu. Unapaka rangi isiyo na rangi, ile ya kung'arisha tu, chini ya jani. Ikikauka unaibandua kwa selotepu, inatoka ngozi nyembamba yenye alama ya kila kitundu, ukiiweka chini ya darubini unaona kipi kimefunga na kipi kiko wazi. Nilinunua chupa nyingi Mtaa wa Kongo, na muuzaji akanitazama kucha zangu, fupi, zina udongo, akaguna. Darubini niliazimwa na idara, ya zamani, isiyotumia umeme. Ilikuwa na kioo cha kuvuta mwanga wa jua, kwa hiyo niliiweka dirishani na kufanya kazi jua lilipokuwepo. Homoni yenyewe ilikuwa kwenye chupa ndogo iliyofungwa karatasi ya fedha, Dakta Mhando aliiagiza ng'ambo na aliniambia isifikiriwe kwamba itapatikana nyingine. Iliishi kwenye friji ya Bi Shamsa nyuma ya jagi la ukwaju, na yeye aliwatangazia wapangaji wote: "Kuna dawa ya Feli humo. Atakayeinywa shauri yake, asinijie analalamika kwamba hapumui."

Duru ya kwanza ilikwenda vizuri kupita nilivyotegemea. Kunde nilizozikatia maji na kuzipulizia homoni asubuhi zilikuwa kama mtu anayeitwa akajifanya hasikii, vitundu vingi vilibaki wazi. Zile za alasiri, kwa tone lilelile, zilifunga. Dakta Mhando alipoziona ngozi zangu za rangi ya kucha aliinama kwenye darubini muda mrefu. "Inapendeza," alisema. "Asubuhi mmea unataka kula, hewa bado ina unyevu, hauna haraka ya kufunga. Alasiri jua kali, hewa kavu, unatii. Sasa rudia." Nilitoka ofisini kwake natembea kama nimekwisha kuajiriwa.

Duru ya pili iliangukia mwanzo wa Ramadhani. Mimi ni Mkristo wa Moshi, na katika nyumba ile nilikuwa peke yangu nisiyefunga, lakini futari ilikuwa ya wote, na usipoonekana unafuatwa chumbani. Bi Shamsa alikuwa na desturi aliyoikuta kwa mama mkwe wake: Ramadhani ikiingia, paa linafagiliwa, linatandikwa mikeka, linafungwa taa ndefu za mirija kwenye nguzo za kamba, na nyumba nzima na majirani wanafuturu juu, penye upepo. Mihogo ya nazi, kaimati, tambi, uji wa pilipili manga wa kukufungua pua. Baadaye daku ilipikiwa hukohuko, kwa hiyo taa ziliwaka mpaka alfajiri, mtu asije akakanyaga sufuria. Nilipenda mwezi ule, nasema wazi. Nilimpenda hata Mzee Salehe, mpangaji wa ghorofa ya pili, wakala wa kutoa mizigo bandarini, aliyekuwa analalamikia kila kitu kuanzia chumvi mpaka serikali na bado anaomba kikombe cha tatu cha uji. Basi nikapima duru ya pili. Sikuamini. Za asubuhi zilifunga nusunusu, za alasiri nusunusu, hakuna tofauti, hakuna kichwa wala miguu. Nikarudia kuhesabu hadi macho yakauma. Nikampelekea Dakta Mhando, akatazama, akavua miwani, akaifuta. "Pole," alisema, na hiyo ndiyo ilinitisha. "Homoni iliyobaki inatosha mara moja tu. Nami nasafiri mara tu baada ya Sikukuu, nakwenda ng'ambo kwa muda mrefu. Ukipata matokeo kabla sijaondoka, tutayatetea. Usipopata, Felista, sitaweza kusaini."

Siku mbili sikula vizuri. Nilikuwa na kunde za akiba, changa kidogo kuliko zile, ziko tayari, lakini ningezipima vipi na sijui nilipokosea? Rukia aliniambia, "Shoga, labda paka anazikojolea." Nikakagua habari za paka. Nikakagua udongo, maji, chupa ya homoni, kila kitu. Jibu lilikuja nikiwa nafuturu, kikombe cha uji kiko mdomoni. Majani ya kunde, kama hujui, yanalala. Jua likizama yanainama, yanajikunja kuelekea chini, asubuhi yanainuka. Nilitupa macho tu upande wa tangi la maji, na nikaona makopo machache yaliyokuwa nyuma ya tangi, kwenye kivuli, majani yameinama yamelala fofofo. Na yale mengine yote, yaliyopangwa chini ya mirija ya taa, yalikuwa yamejitandaza macho makavu kama saa sita mchana! Nilipiga ukelele. Mzee Salehe alinipiga mgongoni kwa nguvu akidhani nimekabwa na kokwa ya tende. "Taa!" nikasema. "Ni taa!" Kumbe zilikuwa haziijui asubuhi wala jioni. Saa yao ya ndani imevurugika, na homoni inapofika haikuti mtu wa saa hiyo, inakuta mtu asiyelala. Mwaka ule umeme wetu, unaokatika hata mtu akipiga chafya, kwa ubishi wake haukukatika hata siku moja. Ungekatika, ungeniokoa.

Furaha ilidumu nusu ya kikombe cha uji, kisha nikaelewa maana yake. Giza lilikuwa linatakiwa palepale, juu ya paa lile, mwezi uleule. Rukia aliusoma uso wangu, akanifinya paja. "Usithubutu kumwambia mama azime. Atazima, na sisi tutakula gizani na hatasema kitu, lakini itamuuma." Mimi nilikuwa nimekwisha amua kunyamaza. Ila Bi Shamsa hakuwa mtu wa kunyamaziwa. "Feli, uji umekuchachia? Mbona umenuna?" Nikaeleza, maneno yananitoka moja moja, naona haya. Mzee Salehe akaweka kikombe chini. "Yaani tufuturu gizani kwa ajili ya mboga?" Bi Shamsa akamkata jicho. "Hebu tulia wewe. Feli, hizo kunde zinataka nini hasa?" "Giza mama, kuanzia jua kuzama mpaka alfajiri." "Na sisi?" "Nyie mnataka mwanga." "Kuanzia lini mpaka lini?" Nikasema, "Kuanzia jua kuzama mpaka alfajiri." Akafungua mikono. "Sasa ugomvi uko wapi? Sisi tukipanda, wao washuke. Wao wakipanda, sisi tushuke. Rukia, ile stoo yako ya vitambaa ina dirisha?" Rukia akasema haina. "Basi vitambaa vikalale chumbani kwako." Rukia akaguna, akaenda kutafuta ufunguo.

Ndivyo tulivyofanya, na kila mara nikikumbuka nashangaa waliwezaje kunivumilia. Muadhini akiadhini magharibi, kila mtu anakula tende, anakunywa maji, kisha kabla ya kukaa kwenye mkeka anachukua makopo mawili anayashusha stoo, ghorofa ya kwanza. Baada ya swala ya alfajiri yanapanda. Mtu mmoja peke yake asingeweza. Ukibeba makopo sitini ngazi zote zile, la kwanza limeota jua na la mwisho bado liko gizani, na utafiti wangu wote ulikuwa juu ya saa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ila Ramadhani ilikuwa imewaamsha wote saa ileile, imewakusanya wote saa ileile, na kwa hiyo kunde zangu zilipata machweo ya pamoja na mapambazuko ya pamoja. Mzee Salehe alilalamika kila siku, na kila siku alikuwa wa kwanza. "Bandarini mzigo ukishuka umeshuka," alikuwa akisema, kopo kila mkono, "haurudi melini. Hapa sijui ni bandari ya wapi." Wanawake wakimjibu, "Polepole mzee, hao ni wagonjwa." Kwenye ngazi nyembamba tulipishana kwa ubavu, harufu ya mihogo ya nazi inapanda, harufu ya udongo inashuka, mtu anapiga kelele, "Nani kaacha kopo kwenye ngazi?" na mwingine anaitika, "Ni la kwako!"

Baada ya wiki hivi nilishuka stoo alfajiri kabla wengine hawajamaliza kuswali. Nilikuwa na tochi niliyoifunga kitambaa cheusi, nikaiwasha kwa kuiba, mara moja tu. Majani yalikuwa yanainuka. Gizani, mlango umefungwa, jua halijatoka, yalikuwa yamekwisha anza kuinuka. Nilikwenda kumvuta Rukia akiwa bado na mtandio wa swala, nikamwonyesha. Alichuchumaa akatazama, hakusema utani hata mmoja, yeye ambaye msibani hakosi neno. "Wamejuaje?" akauliza. Nikamwambia ndiyo saa yenyewe hiyo, iko ndani yao, siku chache za giza zimeirekebisha. "Subhanallah," akasema taratibu. Mimi nimesimama mbele ya wanafunzi miaka mingi kueleza jambo hilo, kwa michoro na kwa maneno makubwa, na sijaona mtu aliyelipokea kama alivyolipokea Rukia pale kwenye stoo ya vitambaa.

Kisha nikazikatia maji. Hapo ndipo Bi Shamsa alipopata tabu. Alikuwa mtu ambaye mgeni akipita mlangoni tu ameshapewa maji, na sasa anapita kila siku mbele ya viumbe vinavyonyauka juu ya paa lake. "Sisi tunafungua magharibi," aliniambia, "hao wanafungua lini?" Nikamwambia siku ya kipimo. Nilikuwa nimeipanga ile hesabu kwa makini. Kiu ifike kiwango kilekile cha duru ya kwanza, siku ya kipimo iwe siku ya mwisho ya Ramadhani, Sikukuu niende kwa Dakta Mhando na ngozi zangu za rangi ya kucha. Ila hesabu yangu ilikuwa ya mwezi wa siku thelathini. Nilisahau kitu ambacho mtoto yeyote wa nyumba ile angenikumbusha, kwamba mwezi huo haupangwi na kalenda yangu, unasubiri kuandama. Nilipokumbuka ilikuwa jioni ya ishirini na tisa, makopo yamekwisha shushwa, redio iko katikati ya mkeka, na kila mtu anasubiri tangazo. Wote walikuwa wanaomba mwezi uonekane. Mimi, Mungu anisamehe, niliomba mawingu.

Ulionekana. Sauti ya mtangazaji haijamaliza, wanawake wamekwisha simama. Chini mtaani ikalipuka kelele, honi, watoto, maduka ya Kariakoo yakafunguliwa upya kana kwamba ndiyo kwanza asubuhi, na Rukia akateremka mbio kwenda dukani kwake maana jioni hiyo haina mfano kwa muuza vitambaa. Bi Shamsa akaanza kupiga hesabu za pilau. Watu walinikumbatia, "Idi njema Feli," nami nikajibu, "Nanyi pia," huku nahesabu makopo kichwani. Kesho hakuna daku. Kesho hakuna wa kunisubiri baada ya alfajiri na makopo, kesho watu wanaoga, wanavaa, wanakwenda kuswali Idi. Na kunde haziwezi kungoja kesho kutwa. Kiu yao ilikuwa imefika pale ilipotakiwa, siku moja zaidi ingepita kiasi. Homoni ilikuwa ya mara moja. Ningewaambia nini? Wamenibebea karibu mwezi mzima, nikawaombe na asubuhi ya Sikukuu? Sikusema kitu. Nilikwenda kulala nikijiambia kwamba shule yangu haikuwa mbaya, ina miti mizuri, na watoto wananipenda.

Alfajiri nilijifunga khanga kiunoni nikashuka stoo peke yangu. Misikitini takbira zilikuwa zinapokezana, moja inaanza hapa, nyingine inaitika mtaa wa Gerezani. Nilichukua makopo mawili nikapanda, nikayaweka paani, nikatazama mashariki, mbingu zilikuwa zinaanza kupauka. Nikashuka mbio. Kwenye ngazi ya ghorofa ya pili nikagongana na Mzee Salehe. Alikuwa amevaa kanzu mpya nyeupe pee, kofia ya mkono, ananukia udi kutoka hatua tatu, na ameyashika makopo mawili mbali na mwili wake kama mtu aliyeshikishwa watoto waliojichafua. "Unashangaa nini?" akanifokea. "Pisha, mzigo unapita." Nyuma yake mkewe. Nyuma ya mkewe wapangaji wa chumba cha kati, wote wawili, nguo mpya. Nyuma yao Rukia, mikono yake imejaa hina mbichi hadi kwenye viwiko, kwa hiyo kopo amelikumbatia kwa mikono ya gauni, analalamika kwamba hina inaharibika, lakini kopo halishushi. Na Bi Shamsa mwisho kabisa, gauni la rangi ya zambarau alilolishona mahususi kwa siku hiyo, kopo limemwegemea kifuani. "Mama, gauni!" nikasema. "Gauni linafuliwa," akajibu, anahema. "Panda, jua halikusubiri wewe." Tulipanda na kushuka mara nne, tano, na makopo yote sitini yalifika juu kabla jua halijagusa ukuta wa tangi. Kisha wakajipangusa, wakashuka, wakaenda kuswali. Niliwatazama kutoka paani wakitembea mtaani kuelekea msikitini, na kwenye kifua cha gauni la Bi Shamsa kulikuwa na duara la kutu na udongo, kubwa, linaonekana hata kutoka juu. Alitembea nalo kichwa kimeinuliwa. Hapo ndipo nilipolia.

Nilipulizia kundi la asubuhi, nikapaka rangi, nikabandua. Mchana nyumba ilijaa wageni, ndugu kutoka Gerezani na Temeke, na harufu ya pilau ilipanda mpaka nikahisi nitazirai. Sikushuka. Alasiri nilipulizia kundi la pili, nikangoja, nikapaka, nikabandua. Nilipomaliza kopo la mwisho nilizimwagilia zote, za asubuhi na za alasiri, maji mpaka yakatokea chini. Kisha nikakaa dirishani na darubini, nikageuza kioo kulikamata jua lililobaki. Za asubuhi kwanza. Wazi. Wazi. Wazi. Nikaweka ngozi ya alasiri, picha ikaruka, nikaitafuta. Vimefunga. Nikaweka nyingine. Vimefunga. Niliweka tano, sita, sikuhesabu vizuri tena. Kisha nikateremka zile ngazi bila viatu, nikaingia sebuleni kwa Bi Shamsa, khanga yangu ina udongo, nywele zangu sijui zilikuwaje, na pale wamekaa wageni wa watu waliovaa vizuri, sinia la pilau katikati. Nilisahau salamu. "Vimefunga!" nikapiga kelele. "Mama, vya alasiri vimefunga!"

Hakuna mgeni aliyeelewa. Lakini Rukia alielewa, akaruka juu akapiga kigelegele, akafuata mke wa Mzee Salehe, akafuata Bi Shamsa mwenyewe, na wageni, maana kigelegele hakiulizwi sababu, wakadakia wote mpaka nyumba ikaitika. Bibi mmoja kutoka Temeke akauliza kwa hamu, "Kazaa nani?" Mzee Salehe akamjibu kutoka mlangoni, "Kunde, bibi. Kunde sitini, na zote nimezibeba mimi." Bi Shamsa akanivuta mkono akanikalisha karibu yake, akasukuma sinia mbele yangu. Alikuwa bado amevaa gauni lile. "Huyu mwanangu," akawaambia wageni. "Kafaulu leo." Kisha akanigeukia. "Nawa mikono, ule." Nikanawa, nikala.